Fulana ya Adan na Hatua Tatu za Isacko

"Nipeni kitu chochote kinachouzwa chini ya jua, nitakichukua kwa nusu bei kabla chai yangu haijapoa!" Isacko aliyasema hayo akiwa amepanda ukuta wa zizi, siku ya soko la mifugo hapa Isiolo, umati mzima ukimsikia.

Na hakuwa muongo. Amekuwa dalali wa mifugo kwa miaka ishirini na sita. Anamshika muuzaji mkono chini ya shuka, vidole vinasemezana bei bila mtu mwingine kuona, kisha anauachilia na kuondoka. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu kwa kawaida haifiki ardhini, muuzaji ameshapiga kelele, "Rudi, bwana!" Sijawahi kumwona akigeuka kabla ya kuitwa.

Mwaka jana mimi, kijana wake wa kazi hapo sokoni, nilimwonyesha picha kwenye simu yangu. Kampuni fulani ya mnada Nairobi ilikuwa inauza vitu vya wanariadha mtandaoni: viatu, medali, namba za kifuani. Humo mlikuwa na fulana ya kijani ya marehemu ndugu yake, Adan, aliyeshinda nayo mbio ng'ambo. Adan alikuwa amempa kocha wake fulana hiyo. Kocha alipostaafu, akaiuza. Begani ina kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Mama yao, Qabale, ndiye aliyekishona, maana siku ilipochanika, nyumbani kwao mtaa wa Kiwanjani hapakuwa na uzi mwingine.

Mama aliitazama ile picha, akaipapasa mpaka ikatoweka kwenye kioo cha simu. "Mniletee," akasema. Jioni hiyo akapigilia msumari ukutani.

Isacko akauza ngamia jike. Laki moja na elfu kumi zikaingia kwenye simu yake. Mnada ulikuwa unafungwa saa tisa alasiri. Saa nane na nusu tulikuwa kibandani kwa Sadiya muuza chai, tumetoa dau la elfu kumi na mbili. Mtu asiyejulikana akatoa elfu kumi na tano.

"Ongeza, mzee," nikamwambia.

"Niongeze? Akinusa nina njaa, atanimaliza." Akaitia simu mfukoni. "Sasa naondoka. Wataniita."

"Nani akuite? Hiyo ni mashine! Saa tisa ikifika, imefunga."

"Kijana, ulisoma diploma nusu, ndiyo maana unajua mambo nusu."

Sadiya akacheka hadi akamwaga maziwa. Isacko akatembea mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama ametupa mgongo. Nikamkimbilia, akaushikilia mfuko wenye simu kwa mkono, kama mtu aliyebanwa na tumbo.

Nimemcheka sana tangu siku hiyo, lakini siku hizi kicheko kinanikwama. Mwendo ule wa Isacko unataka mtu upande wa pili, mtu mwenye karo ya watoto kichwani, anayeuona mgongo wa mnunuzi ukienda na moyo ukimshuka. Alikuwa amempa mgongo mtu ambaye hayupo.

Tulifika kwa mama baada ya swala ya alasiri. Akaitikia salamu huku akiangalia mikono yetu.

"Iko wapi?"

"Hawakuniita, mama."

"Na wewe huna miguu ya kurudi bila kuitwa?"

Isacko akautazama msumari. Mama akanigeukia mimi, akauliza iliuzwa ngapi mwishowe.

Nikafungua simu yangu nikamsomea. Shilingi elfu kumi na tano.