Firigisi ya Baba Mkwe

Ilikuwa Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi, baba mkwe wangu alipokwenda chooni mara ya tatu (naijua saa kwa sababu huandika kila kitu kwenye daftari), na nikilikumbuka daftari lile hadi leo natafuta pa kuficha uso.

Mzee alikuwa amefika kwetu Ntalikwa jana yake kutoka Usoke, nikamchinjia jogoo, na firigisi ikawa yake kama desturi ilivyo, ila alikuwa na njaa, kwa hiyo nikaitoa kwenye mkaa mapema, katikati bado nyekundu, akaila kwa chumvi huku akinisifu.

"Baba Neema, tumpeleke hospitali," mke wangu alisema.

"Rangi mbili zipo," nikamjibu (zile kapsuli za kuua wadudu wa maradhi, nusu nyekundu, nusu njano; sikusomea udaktari, lakini karatasi ya dawa naisoma hadi mwisho, na majirani huniita Dokta). Nikampa mbili asubuhi, mbili jioni. Jumatatu homa ikapanda, akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa, nami bila hata kuandika saa nikamkimbiza hospitali.

Hospitali walimtundikia dripu, wakachukua choo kupima, nami nikakaa kwenye benchi siku mbili nikimwogopa kila nesi aliyetoka, maana nikimuua baba yake, mke wangu nitamwambia nini?

Siku ya tatu daktari akaja na majibu: wadudu waliomo tumboni hawafi kwa rangi mbili. "Nyumbani nani hutumia dawa hii?"

Nikatoa daftari, kwa fahari kabisa, nikasoma wodi nzima ikisikia: kila Jumatatu, miaka miwili, kapsuli kumi kwenye maji ya kuku ili wasiugue. Mstari uliofuata: baba mkwe, mbili.

Daktari akavua miwani. "Bwana, wadudu hao umewazoesha dawa wewe mwenyewe ndani ya kuku wako, kisha ukamlisha mgeni."

Mzee, midomo imemkauka, akageuza shingo taratibu. "Kwa hiyo, mkwe, nimeandikwa ukurasa mmoja na kuku?"

Watu wakacheka. Mke wangu, kando ya kitanda, hakucheka.

Sindano za dawa nyingine zilimwinua baada ya siku sita. Kuku wangu sasa wanakunywa maji matupu, firigisi tunaichemsha hadi iwe ngumu kama soli, na homa ya mtu siigusi tena. Nilichokuwa nimeokoa Jumapili ile, kwa kutomlipa daktari, ni shilingi elfu tano.