Bunju wa Mzee Amirali

Harufu ya chumvi ya mawe ikiyeyuka kwenye ndoo hainiachi nitulie. Hata leo nikiisikia, miguu inaanza kunicheza, nami najiona tena Miembeni, Bukoba, dukani kwa Mzee Amirali, mbele ya sanduku la kioo lenye samaki mmoja.

Alikuwa bunju. Sisi watoto wa Bukoba tulijua sato, sangara na dagaa, lakini yule alitushinda. Mgongo wa kijani wenye madoa meusi, tumbo jeupe, meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na macho ya ajabu: moja linakutazama wewe, jingine linatazama mlangoni. Akishtuka alijijaza maji akawa mviringo kama chungwa. Kutwa nzima alipanda na kushuka kwenye kioo, kana kwamba amesahau kitu upande wa pili. Nilimpenda kwa hilo. Bibi yangu kule kijijini Izigo alikuwa akisema mimi nilizaliwa nikitembea.

Mzee Amirali alizaliwa hapo hapo Bukoba, lakini mkewe alishafariki na ndugu zake wote walishahama nchi. Bunju aliletwa na mdogo wake Mzee wa mwisho, aliyetokea Tanga kuja kumuaga. Shangazi yangu Adventina alimsaidia kuuza dukani, na mimi nikitoka shule nilimwokotea bunju konokono ufukweni. Meno yake hayakomi kukua. Asipotafuna vitu vigumu, yatamzuia kula.

Siku moja Mzee alisafiri kwenda Mwanza. Shangazi akaona maji ya sanduku yameanza kunuka, naye alilelewa kwamba mgeni hapewi maji yaliyolala.

"Maskini, mgeni wa watu," alisema, "anakunywa uchafu na ziwa liko hapo!"

Tukayamwaga yote, tukamjazia maji safi ya ziwani. Shangazi alifurahi kama aliyebatiza mtoto.

Kesho yake bunju hakupanda wala kushuka. Alilala mchangani, mkia umejikunja, tumbo limegeuka kijivu. Konokono alipita mbele ya pua yake, asimguse. Niliogopa sana. Nilitoka mlangoni, nikarudi kwenye kioo, nikatoka tena, mpaka Shangazi akanifokea, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisali rozari nyuma ya kaunta.

"Akifa huyu," alisema, "Mzee atabaki na nani?"

Mzee aliporudi, hata begi hakuwahi kulitua.

"Waitu Mzee," Shangazi alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "nimekuharibia samaki. Nimempa maji ya ziwa."

Mzee alichovya kidole, akaonja. Hakugomba.

"Umempa mgeni maji bora uliyo nayo, Adventina. Ila huyu si wa ziwani, na bahari kuu pia si kwao. Kwao ni kwenye mikoko, pale mto unapoingia baharini."

Akayeyusha chumvi ya mawe, akawa anamimina kidogo kidogo, maana samaki mgonjwa hashtuliwi. Mimi niliambiwa nikae. Sikukaa.

Asubuhi, nikienda shule, nilibandika uso kwenye kioo. Jicho moja likanigeukia. Kisha, taratibu, bunju akaanza kupanda.

Ndugu za Mzee walimpigia simu mara kwa mara wakimtaka awafuate huko ughaibuni. Aliwajibu kwamba haiwezekani, ana samaki. Nilicheka sana: mtu mzima anaacha Ulaya kwa ajili ya bunju! Alizeeka hapo hapo, na Shangazi ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho.

Siku hizi nafanya kazi Tanga, alikotoka yule bunju. Hapa wananicheka lafudhi ya Kihaya. Nikienda Izigo, wananiambia nimekuwa mtu wa pwani. Shangazi hupiga simu kuniuliza narudi lini nyumbani. Namjibu nina kazi. Nikishakata simu nainuka, naenda dirishani, nakwenda mlangoni, narudi dirishani.

Sasa najua: siku ile Mzee alipotaja mikoko, hakuwa akisema habari za samaki.