Tedi na kochi la marehemu Bayingana

Zamani nyasi zililala ndani ya nyumba na mbwa akalala nje. Siku hizi mbwa ndiye anayelala ndani, na nyasi ziko nje, zimenyolewa sawasawa kama kichwa cha askari, ukizikanyaga unaitwa na mlinzi.

Ndivyo Damascène alivyowaza Jumapili ile alipotoka misa akapitia kwa Winifred, kama alivyozoea, akakuta kitu cheupe kimekaa mlangoni. Alidhani ni pamba iliyovuja kwenye mto. Kisha ile pamba ikabweka.

Damascène alikuwa fundi wa makochi hapo mtaani Remera, enzi ambazo kochi lilitengenezwa na mtu. Winifred alikuwa mjane wa Bayingana. Mjane alikulia Uganda na fundi alikulia Burundi. Walirudi nchini mwaka mmoja, kila mmoja kwa mpaka wake, na Kinyarwanda cha kila mmoja kilimchekesha mwenzake. Kwa hiyo toka mwanzo wakawa wanazungumza Kiswahili, na hata baada ya ndimi zao kunyooka hawakuiacha ile desturi. Winifred alimwita mwenzake Fundi ingawa nyundo yake ilikuwa imeota kutu. Fundi naye alimwita Mama Mukunde.

Huyo Mukunde, binti wa Winifred na Bayingana, alifanya kazi uwanja wa ndege kule Kanombe na alikuwa amejenga nyumba juu ya kilima cha Rebero. Ndiye aliyemletea mama yake mbwa, ili asiwe anazungumza na kuta. Mbwa mwenyewe alikuwa wa ile aina ndogo ambayo hata akizeeka hampiti paka ukubwa, ana manyoya marefu mpaka machoni, na jina lake Tedi. Damascène aliuliza anafanya kazi gani. Winifred akasema hana kazi, anapendwa tu.

Fundi alimkumbuka mbwa wa kwao. Baba yake alikuwa na mbwa wa kuwinda, mwenye kengele shingoni, aliyelala kwenye lango la ua hata mvua ikinyesha. Hakuna aliyewahi kukaa kitako kufikiri mbwa yule akojoe wapi. Dunia nzima ilikuwa choo chake, na dunia haikulalamika.

Sebule ya Winifred, kinyume chake, ililalamika. Tedi alikojoa kwenye zulia, nyuma ya mlango, chini ya runinga, na mwisho juu ya kochi. Hapo ndipo Damascène alipoweka kikombe chake cha chai chini.

Kochi lile alilitengeneza yeye, mwaka Bayingana alipomaliza kuezeka. Mbao za msave, mti mgumu wa kienyeji, miguu aliyoichonga kwa mkono, springi alizozifunga moja moja kwa kamba. Wakati mmoja makochi yake yalijaa Remera nzima, kwenye nyumba na kwenye ofisi. Kisha yakaja ya dukani, yaliyovishwa kitu kama ngozi ambacho baada ya misimu miwili kinabanduka magamba, na watu wakayapenda kwa sababu yalifika yamefungwa nailoni. Mara kadhaa alikuta miguu aliyoichonga mwenyewe ikiwa kuni chini ya sufuria ya mtu. Sasa lilikuwa limebaki hili moja. Watu walisema fundi huja kumsalimu mjane, na ni kweli, lakini macho yake yalisalimu kochi kwanza.

Mukunde alifika jioni ile, akanusa, akakunja uso. Alisema mbwa ni mtoto na mtoto hufundishwa, lakini kochi limeshazeeka na sasa limeoza. Akija tena mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, akikuta bado linanuka, ataita gari lije lilichukue.

“Kochi halijakojoa, binti yangu,” Damascène alisema. “Aliyekojoa yuko pale, anajilamba.”

“Muzehe, wewe unatetea mtoto wako.”

“Na wewe wako.”

Mukunde alicheka, lakini hakubadilisha neno. Na mama yake, aliyejua kuwa binti huyo akisema gari basi ni gari, aliweka mkono mmoja juu ya mbwa na mwingine juu ya kochi.

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwahi kumruhusu mbwa kuvuka kizingiti chake alivyojitolea kumfundisha mbwa adabu za ndani. Hakumfanyia mbwa. Alilifanyia kochi.

Mukunde alimsomea maelekezo kutoka kwenye simu. Mbwa mdogo ana kibofu kidogo kama harage, hawezi kusubiri. Umtoe kila anapoamka, kila anapokula, kila anapomaliza kucheza. Ukimwona anazunguka na kunusa chini, mbebe upesi. Akifanya penye haki, msifu palepale; akikosea, usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo wake, maana hatajua kosa, atakujua wewe tu kuwa ni mbaya. Damascène alisema kwa dhihaka kwamba yeye hakulelewa hivyo. Halafu akaomba asomewe tena, taratibu.

Tatizo likawa mahali pa kumtoa. Daktari wa mifugo alikuwa amekataza asiguse udongo wa nje mpaka chanjo ziishe. Ua wenyewe ulikuwa umetandazwa mawe ya pave ukuta kwa ukuta. Bayingana alipokuwa hai palikuwa na majani na migomba miwili pale, lakini wakati umepita, kila mtu anataka ua unaopigwa deki. Mukunde alikuwa ameleta matandiko ya karatasi laini kama nepi, ya kutandika sakafuni. Tedi aliyachana vipande vipande kwa furaha kubwa na kukojoa pembeni yake.

Fundi alikaa akimtazama. Mtoto wa mbwa hajui zulia wala kigae, alifikiri. Anajua kwa nyayo na kwa pua. Umpe kitu ambacho nyayo zake zitakitambua. Na ndipo akamkumbuka mama yake akitandika nyumba kwa ishinge, zile nyasi nyembamba laini ambazo kila nyumba ya heshima ilitandikwa kabla ya mgeni kuingia. Kulikuwa na mteremko nyuma ya kanisa ambako bado ziliota, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejenga hapo bado. Alienda na mundu, akakata, akazianika, akazijaza kwenye sanduku la mbao lenye ukingo mfupi, akaliweka sebuleni kwa Winifred.

Tedi alipanda humo, akanusa kwa muda mrefu kama anayesoma tangazo, akazunguka, akazunguka tena, akachutama. Damascène alijikuta akisema “vizuri sana, mwanaume” kwa sauti ambayo watoto wake mwenyewe hawakuwahi kuisikia. Winifred aligeukia dirishani ili acheke bila kumwaibisha.

Toka siku hiyo hakungoja Jumapili. Alikuja asubuhi, akambeba Tedi kutoka usingizini mpaka sandukuni, akamngoja baada ya uji. Penye makosa ya zamani alipangusa kwa siki, ili harufu isimwite tena. Chanjo zilipoisha alianza kulihamisha sanduku: kutoka sebuleni mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka barazani, kutoka barazani mpaka pembe ya ua chini ya mparachichi wa jirani. Kila lilipokwenda, Tedi alilifuata. Siku za mvua alisimama mlangoni akiangalia matone kama bibi harusi mwenye viatu vipya, na fundi alimfunika mwavuli mpaka amalize. Wapita njia walioona hayo kupitia lango walikuwa na la kusema, naye aliwajibu kwamba mwavuli ni wake.

Zulia likakauka, nyuma ya mlango pakakauka, chini ya runinga pakakauka. Kochi likalowa.

Si mara moja. Na ajabu yake ni kwamba lilianza kulowa zaidi kadiri mbwa alivyoelimika. Mwanzo lilikuwa mahali pamoja kati ya mengi. Sasa lilikuwa mahali pekee ndani ya nyumba nzima. Damascène alilipangusa kwa siki. Likalowa. Akalifunika shuka. Shuka likalowa. Akalisukuma mpaka ukuta wa pili, akidhani ni pembe ile ndiyo inayompendeza, na Tedi akavuka sebule akalifuata. Winifred alisema labda mbwa ana wivu na marehemu, maana ndipo alipokuwa akikaa. Fundi hakucheka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na usiku alikuwa anaota gari.

Hata hivyo, zaidi ya hofu alishikwa na hamu ya kujua. Maisha yake yote hakuweza kuacha kitu kibaki fumbo. Ndivyo alivyojifunza kusoma, ndivyo alivyojifunza kufungua redio na kuifunga tena. Alivuta kiti, akakaa mbali na kochi, akajifanya amelala, akamwacha Tedi.

Mbwa alikuja. Hakuruka juu kama mwizi. Alianza chini, kwenye mshono wa mbele, akaingiza pua pale ambapo kitambaa kilikuwa kimelegea. Akavuta pumzi. Akapanda, akazunguka, akazunguka tena. Fundi akamtambua. Uzungukaji ule ule wa sandukuni, na ule uso wa kujiamini wa mtoto anayejua jibu. Kabla hajachutama, Damascène alikuwa ameshambeba na kumfikisha chini ya mparachichi.

Aliporudi alipiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akaweka pua yake mwenyewe kwenye ule mshono. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na hewa ilikuwa nzito. Ndani ya kochi kulitoka harufu hafifu, kavu, tamu: nyumba ya mama yake kabla mgeni hajaingia.

Winifred alimkuta hapo chini, akadhani ameanguka.

“Mama Mukunde, mbwa hana kosa,” alisema bila kuinuka.

“Na kochi?”

“Nalo halina. Ni mimi niliyemfundisha kwamba ishinge ndiyo choo. Na humu ndani mna ishinge tupu, nilizishindilia kwa mikono hii.”

Wakati ule sponji haikuwapo, na ilipokuwapo ilikuwa mbaya. Kila fundi aliyejiheshimu alijaza nyasi nyembamba zilizokaushwa na kupigwa, kisha tabaka la pamba juu. Watu walikaa juu yake miaka na miaka bila kufikiri. Ilihitajika pua ndogo isiyozidi kifungo cha shati kuuliza nini kimo ndani.

Winifred alicheka mpaka akalazimika kukaa, na alikaa palepale juu ya kochi. Alipomaliza kujifuta macho alisema atamrudisha mbwa. Alisema kochi ni la Bayingana, mbwa ni wa juzi tu. Alisema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekata shauri, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika sikio la Tedi, na Tedi alikuwa ameuegemeza mwili wake wote kwenye mguu wake. Damascène aliona. Aliwaza pia ile sebule siku za Jumatatu, Jumanne, Jumatano, siku ambazo hakuna misa ya kumtoa mtu nyumbani akapitia kwa mwingine.

“Niletee mkasi,” alisema.

“Fundi. Ukiyatoa ya ndani, litakuwa bado kochi lako?”

“Miguu ni yangu.”

Alilipindua akalifungua kwa kung’oa misumari ile ile aliyoipiga, mmoja mmoja, bila kuipinda. Ndani, nyasi zilikuwa bado za manjano. Upande wa kulia, pale Bayingana alipozoea kukaa akisikiliza habari, zilikuwa zimebonyea zikafanya shimo kama kiota, na lile shimo lilikuwa limeshika umbo lake miaka yote ambayo mwenyewe hakuwapo. Winifred alipiga magoti, akaingiza mkono humo, akauacha kwa muda. Kisha akautoa, akampa fundi ruhusa kwa kichwa.

Sponji ilitoka dukani, nyeupe, nyepesi, haina harufu yoyote. Damascène aliikata kwa kisu akiwa amekaza midomo, kama mtu anayemvisha rafiki nguo za kuazima. Nyasi za zamani alizijaza kwenye gunia ili azitupe, lakini Winifred alikataa. Akasema zile za sandukuni zimechakaa, na hizi zipo, ni nzuri, na Tedi anazijua.

Kwa hiyo kazi bora ya mikono ya Damascène iligeuka choo cha mbwa wa aina ndogo, chini ya mparachichi wa jirani, na kila asubuhi alisimama pale akaisifu ikitumika.

Mukunde alikuja baada ya umuganda, udongo ukiwa bado kwenye viatu. Alinusa kochi, akalikalia, akaruka juu yake kidogo. Akasema limekuwa laini kuliko mwanzo, kumbe lilihitaji tu kuoshwa. Mama yake na fundi walitazamana, wakamwacha aamini hivyo.

Mwaka uliofuata nyumba ya Remera iliuzwa, maana hapo palitakiwa ghorofa, na Winifred akahamia kwa binti yake Rebero. Damascène alifika asubuhi kusaidia kufunga kamba. Kochi lilipakiwa la mwisho kwenye pikapu, miguu juu. Dereva alilitazama lile gunia la nyasi akauliza kama hilo ni takataka, na Winifred akamjibu kwamba hicho ni choo cha mtoto, akiweke juu, kisilowe. Kisha akampa fundi mkono kwa mikono miwili, akasema Rebero si mbali. Fundi akasema kweli, si mbali. Wote wawili walijua kile kilima kilivyo kirefu kwa miguu ya mzee.

Akawaona kwa mara ya mwisho gari lilipotoka langoni: Winifred mbele, ameketi wima kama yuko kanisani, Tedi mapajani mwake na pua nje ya dirisha, na nyuma yao ile miguu minne ya msave imeelekea mbinguni. Barabarani gunia likatikisika, nyasi chache zikadondoka kwenye lami. Mama mfagiaji aliyekuwa kando akazikusanya kwa ufagio wake, akazitia kwenye toroli, na gari lilikuwa halijakata kona bado.