Baba Amekubariki

Yasinta Ngonyani alijua kuna jambo pale alipoona hakuna mtu aliyepiga kigelegele.

Mtu wa kijiji cha Mpitimbi akirudi kutoka Ulaya baada ya kutoonekana miaka minne, hata kuku wanapata habari. Watoto hulikimbilia gari tangu kwenye kona ya zahanati, na kina mama humpokea kwa vifijo kabla hajafungua mlango. Siku ile ya mwezi wa sita, mwaka 2021, gari la kukodi lilipoingia uwanjani kwa mzee Baltazar, kina mama kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye mikeka kando ya ukuta wa jiko, vitenge wamevifunga kiunoni. Walimtazama akishuka, wakanyamaza. Mdogo wake Eusebi, aliyempokea uwanja wa ndege wa Songea na kumweleza njia nzima habari za bei ya mbolea, ghafla alikuwa na kazi kubwa sana ya kushusha mabegi.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Yasinta.

"Ingia kwanza ule, dada. Umechoka."

Akanawa, akaletewa ugali na kuku. Alikula kwa sababu mama yake, Fausta, alikaa mbele yake akimhimiza, na kwa sababu kweli alikuwa na njaa. Matonge ya mwisho aliyala akimtazama baba yake mkubwa, mzee Pankrasi, aliyevaa koti wakati siku yenyewe haikuwa Jumapili. Ndivyo tunavyofanya kwetu: mfiwa aliyetoka mbali hulishwa kwanza, kwa kuwa akishaambiwa hatakula tena. Ni huruma, sikatai. Lakini ni huruma ya kumkodolea mtu macho anatafuna huku nyote mnajua kinachomngoja, na Yasinta hajawasamehe mpaka leo kwa ule ugali.

Mzee Pankrasi alikohoa. "Mwanangu, baba yako alitutoka."

"Lini?"

Alitegemea kusikia jana, au juzi, wakati yeye yuko angani.

"Mwezi wa pili."

Kina mama nje walikuwa wanangoja alie ili nao waangue kilio, maana aliyechelewa msiba hufunguliwa wake upya. Yasinta hakulia. Alikunja vidole kimoja kimoja: wa tatu, wa nne, wa tano, huu wa sita. Akasimama, mkono wa kulia bado una ugali, akamgeukia mdogo wake.

"Eusebi. Mwezi wa tatu nani alinibariki?"

Eusebi akainamisha kichwa. Swali lile alikuwa analijua, na alikuwa akiliogopa kuliko kilio chochote.

Ujerumani, Yasinta anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Alikwenda huko kwa msaada wa masista, akajifunza lugha yao akiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao wenzake kijijini walishaanza kuitwa bibi. Miaka mingi alikuwa msaidizi tu: kuogesha, kulisha, kugeuza wasioweza kujigeuza. Kisha akaamua kusomea uuguzi kamili. Mtihani wa mwisho aliufanya mara moja akaanguka. Mara ya pili ulikuwa mwezi wa tatu, na mara ya tatu hakuna. Siku moja kabla ya mtihani aliandika ujumbe kwenye simu ya Eusebi, maana mzee Baltazar hakuwa na simu yake na masikio yalikuwa yameshamtupa mkono. "Mwambie baba aniombee. Mwambie anibariki." Baada ya dakika kumi jibu likaja: "Baba amekubariki. Anasema usiogope."

Akaenda, hakuogopa, akafaulu. Wiki ile ile alimnunulia baba yake kifaa cha kusikia, kile kidogo kinachojificha nyuma ya sikio. Sasa kilikuwa ndani ya begi ambalo Eusebi alikuwa amelishusha kwa adabu nyingi.

"Nilikuuliza," alisema Yasinta. "Nani alinibariki?"

"Mimi," alisema Eusebi. "Niliandika mimi, dada."

"Wewe ni baba yangu?"

Mzee Pankrasi akaanza kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na Yasinta akamwambia, "Shikamoo baba mkubwa, lakini hapa simuulizi Mungu." Akatoka. Kina mama walipomwona mlangoni walidhani sasa ndiyo, wakaangua kilio wao kwa wao. Aliwapita kama anavyopita watu wanaonunua nyanya, akazunguka nyuma ya nyumba.

Kaburi lilikuwa kando ya migomba. Lilishasakafiwa, saruji ilishaanza kuota ukungu wa kijani pembeni, na msalaba ulikuwa umeandikwa tarehe 16.2.2021. Kifua, siku nne, ndivyo alivyokuja kuambiwa baadaye. Mwezi ule vifua vilikuwa vingi na hakuna aliyependa kuviita jina.

Kilichomchoma si kifo. Baba yake alikuwa na miaka themanini na moja. Kilichomchoma ni kwamba majira yale yale ya baridi, katika nyumba anayofanya kazi, walikufa wazee kumi na mmoja, na Yasinta ndiye aliyepewa kazi ya kuwapigia watoto wao simu. Aliwapigia alfajiri, kwa lugha ambayo si yake, akiwa na barakoa iliyomkata masikio, akawaambia watu ambao hawajui hata jina lake: baba yako amefariki, saa fulani, hakuwa peke yake, nilimshika mkono. Wengine walimtukana. Wengine walikata simu. Lakini waliambiwa. Watu baki, wazungu wasiomhusu, wote kumi na mmoja aliwaheshimu kwa ukweli, na siku hizo hizo ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wanamwandikia kwamba mzee hajambo, amekwenda kutazama mahindi.

Alikuwa na siku kumi na tisa za kukaa nyumbani, na zote zilikuwa zimepangwa. Ndege ya kurudi ilikuwa Alhamisi usiku kutoka Dar es Salaam, na shirika lilitaka cheti cha kipimo cha korona kisichozidi saa sabini na mbili tangu sampuli ichukuliwe. Sampuli alishaandikiwa Jumanne asubuhi, Dar. Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa lazima awe kwenye basi. Akifika Ujerumani atajifungia chumbani siku kumi kabla ya kuruhusiwa kugusa mzee yeyote, na msimamizi wake alishamwambia kwamba atakayechelewa zaidi ya hapo asijisumbue kurudi kazini. Likizo hiyo yenyewe aliiomba mara tatu akanyimwa mara mbili.

Katika siku hizo Eusebi alijaribu kila njia. Alimletea maziwa. Alimletea mahindi ya kuchoma. Siku moja alimkuta anapukuchua mahindi na mama, akachutama, akasema:

"Dada, mipaka ilikuwa imefungwa. Ungefanyaje?"

Yasinta akatupa gunzi. "Mipaka ilifungwa kwa miguu yangu. Masikio yangu nani aliyafunga?"

"Tulikuhurumia."

"Mlinihurumia kwa kuniandikia maneno ya marehemu? Nilipofaulu nikakupigia, nikasema mpe baba simu hata kama hasikii, nimshukuru tu. Ukasema amelala. Nikakuamini, Eusebi! Nikasema basi, mwacheni mzee apumzike!"

Mama yake aliendelea kupukuchua. Fausta alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu mgeni aje yalikuwa yamepungua zaidi. Alikuwa amekonda. Yasinta aliliona hilo kwa jicho la kazi, akaliweka kwenye hesabu ya ujane.

Jumamosi mzee Pankrasi aliitisha kikao. Watu wa ukoo walikaa sebuleni, wengine kwenye magunia ya mahindi. Mzee alisema si vizuri binti aondoke na kinyongo, akamtaka aseme moyo wake mbele ya wote, kisha waagane vizuri. Lengo lilikuwa kumtuliza. Walimpa nafasi ya kusema, na wakajuta.

"Mimi sitaki pole," alisema Yasinta. "Pole nimezipata za miezi minne mara moja, zimenitosha. Nataka kujua nani alisema nisiambiwe."

"Ni mimi," alisema Eusebi.

"Si wewe. Wewe huna ubavu huo. Wewe ulitumwa."

Watu wakatazama chini, na ndipo mama yake akaongea, bila kuinua sauti.

"Nilisema mimi."

Yasinta akageuka.

"Ulikuwa na mtihani," alisema Fausta. "Na hapa usingeweza kuja. Nikajiuliza, tukimwambia, kule atalia na nani? Mtu halii peke yake. Hata mnyama halii peke yake. Nikasema mwacheni, atakuja, atalia hapa na watu."

Sebule nzima ilikubali kwa kichwa. Ilikuwa hoja nzuri, hoja ya watu, na Yasinta aliyekulia humo aliielewa kuliko alivyotaka. Ndiyo maana ilimtia wazimu.

"Ningelia peke yangu, mama! Ningelia bafuni, ningelia kwenye treni, ni machozi yangu! Mmenipokonya hata hayo. Sasa natazama saruji yenye ukungu, nifanyeje nayo? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ninyi mmeficha kilio chenyewe." Akapumua. "Nasema hivi. Kesho kutwa naondoka. Huko niliko, leo wanafungua mipaka, kesho wanafunga. Siku nyingine huenda nisipate hata hii likizo. Kwa hiyo lolote litakalotokea katika nyumba hii, liwe la usiku, liwe la mchana, niwe na mtihani, niwe mgonjwa, nitaambiwa siku hiyo hiyo. Mkinificha tena, msinihesabu kuwa ni mtu wa hapa. Nataka kila mmoja aseme ndiyo."

Wakasema ndiyo mmoja mmoja, kwa shingo upande. Eusebi alisema ndiyo kwa sauti ndogo. Mama yake alimtazama muda mrefu, kisha naye akasema, "Haya. Utaambiwa."

Jumatatu alfajiri walikuwa stendi ya Songea, wote watatu, baridi ya mwezi wa sita inakata mifupa. Mama alikuwa amejifunika blanketi juu ya kitenge na alikataa kabisa kubaki nyumbani. Mabegi yalishaingia buti. Kondakta alishaita mara mbili. Yasinta alimpa Eusebi mkono, mkono tu, hajafika pa kumkumbatia, kisha akamkumbatia mama yake na kuhisi mifupa ya mabega. Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

"Yasinta," alisema Fausta. "Ulisema uambiwe."

"Nilisema, mama."

"Nina uvimbe kwenye ziwa. Hili la kushoto. Tangu Pasaka. Hospitali ya Peramiho walikata kipande cha nyama wakapeleka kupima, na majibu yalirudi wiki iliyopita. Siyo mazuri."

"Mama!" alisema Eusebi. "Tulikubaliana asafiri kwanza!"

"Nyamaza wewe. Amesema aambiwe."

Hasira ilimpanda Yasinta kutoka miguuni, ile ile ya siku kumi na tisa, ila safari hii ilikuwa na haraka. Injini ilikuwa inanguruma. Kesho asubuhi sampuli, Alhamisi ndege, baada ya hapo siku kumi za kufungiwa chumbani peke yake na ukuta.

"Ndiyo uniambie sasa hivi?" alipiga kelele, watu wakageuka. "Mguu wangu uko ndani ya basi! Mama, si ungeacha nifike kwanza?"

Fausta hakucheka wala hakukunja uso. Alivuta blanketi vizuri begani.

"Ndivyo nilivyosema na mimi, mwezi wa pili," alisema.

Kondakta akauliza, kwa heshima kidogo, kama dada anapanda au wamshushie mizigo. Yasinta alimtazama mama yake, akamtazama Eusebi, akatafuta wa kumlaumu. Alijua bei ya matibabu ya ugonjwa ule, maana ndiyo kazi yake kujua, na alijua ni mshahara wa nani utakaoyalipa. Akapanda.

Kiti chake kilikuwa upande wa pili. Alijaribu kuwaona kupitia vichwa vya abiria, hakuwaona, na basi likaondoka. Lilipofika barabara kuu alitoa simu akapiga namba ya Eusebi. Abiria wa jirani akajisogeza kidogo kumpa nafasi.

"Dada, usiwe na wasiwasi," alianza Eusebi, "mama anasema..."

"Usiniambie mama anasema nini," alisema Yasinta. "Mpe simu."