Tabaka Lililopinduka Pangi

Jumatatu asubuhi, Kindu. Niliondoka kwa sababu mkuu wa ofisi yetu ya ramani alitaka sahihi yangu kwenye ramani, nami nilitaka kukagua mahali penyewe kwanza. Mimi ndiye niliyechora mstari wa mtaro wa kutafutia kasiterite, yaani mawe ya bati, karibu na Pangi, na mstari huo ulikata shamba la karanga la mwanamke mmoja, Mama Feza. Kama ningetia sahihi, Jumamosi watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya raia, wangeling'oa lote.

Saa mbili tulivuka Lualaba kwa kivuko, kisha lori likatutikisa hadi jioni. Njia ilikuwa tope tupu. Sina la kusema zaidi juu yake.

Pangi, siku ya pili. Kijito kimekata kilima na mawe yako wazi: matabaka membamba ya mchanga na tope lililoganda, yote yameinamia mashariki. Yalitua chini ya bahari yenye kina kirefu, kisha mabara mawili yakasukumana na kuyakunja. Tabaka jeusi tulilolitafuta kwa mtaro ule lilitua baada yake, kwa hiyo kwenye ramani nililiweka juu yake, upande wa mashariki, shambani.

Mama Feza alikuwa kijitoni akiosha kasiterite kwa karai.

“Sitwaye, njo weye ulichora ile mustari?” aliuliza, akiniita “raia” kama serikali ilivyoagiza.

“Ndiyo, Mama.”

Akaweka kidole mwambani. “Angalia. Muchanga ya mukubwa iko juu, ya mudogo iko chini. Mu karai yangu ile haiwezekani. Kizito kinashukaka kwanza.”

“Labda maji ya zamani yalikuwa tofauti.”

“Maji njo maji. Hii jiwe ilipinduka.”

Nilitoa lenzi. Kila tabaka lilisema vilevile. Nilikuwa nimepima kwa dira mara nyingi mno, punje sikuzitazama hata mara moja. Niliona aibu. Mkunjo ulikuwa umelala kifudifudi, na tabaka jeusi lilikuwa chini, upande wa magharibi, msituni. Niling'oa mwenyewe vigingi vya mstari wangu shambani, naye akaendelea kuosha.

Alhamisi, Kindu. Mkuu alisoma ripoti, akauliza, “Nani alikuonyesha?”

“Mama mumoja, muosha kasiterite.”

“Andika uliona weye mwenyewe. Kinshasa hawatahamisha mutaro kwa neno ya muosha kasiterite.”

Nikaandika.

Nilijifunza kwamba dira huonyesha tabaka limeinamia wapi, lakini haijui upande upi ulikuwa juu. Karanga zilivunwa. Kwenye ramani, penye alama ya tabaka lililopinduka, pana jina langu tu.