Baiskeli Mbili Zisizo na Mzigo

Ukurasa ule ulikuja nyumbani umefungiwa sukari. Siku hizo wenye maduka wa Kakamega walifungia bidhaa kwa magazeti ya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao, na huu ulikuwa na picha ya mume na mke juu ya baiskeli kando ya ziwa, wakicheka. Ndugu yangu anayenifuata alikuwa darasa la saba, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa msomi wetu. Aliusoma mara tatu, kisha akatutangazia.

"Hawa wako likizo. Wanazunguka nchi kwa baiskeli ili waione ilivyo nzuri."

"Wamebeba nini?" nikamuuliza.

"Hawajabeba kitu."

"Wanaenda kwa nani?"

"Hawaendi kwa mtu, dada. Wanapita tu."

Tukaikazia macho picha. Karia zote mbili tupu, barabara nzima yao, na hakuna hata kuku mmoja aliyening'inizwa kwenye usukani. Ndugu yetu mdogo akasema Uhuru umekuja, basi na sisi twende. Mwaka ule, jambo likishasemwa kwamba Uhuru umekuja, anayelipinga huonekana mtu mbaya.

Tulikuwa wanne: mimi, ndugu wawili, na kitindamimba wetu, msichana wa miaka sita. Baba alitangulia, mama akafuata, na siku ya tatu baada ya kumzika mama jamaa walikaa uani kutugawa. Huyu achukue wawili, yule achukue mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita ili nimuuguze mama. Nikasimama mbele yao nikasema hatugawanyiki. Walinitazama kama mbuzi aliyeomba chai. Mwishowe wakanipa mwaka mmoja, waone.

Aliyeondoka hajaridhika ni shangazi yetu, tuliyemwita senje kama wote wa kwetu. Alikuwa amepata shamba Mautuma, katika mashamba yaliyoachwa na Wazungu. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, mahindi tele na watoto wa kiume watupu, naye alimtaka kitindamimba. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu mbaya ningemkatalia bila shida. Kila siku nikiwa kwenye cherehani, pale barazani mwa duka nilikoshonea watu, nilijiuliza nitamwambia nini mwaka ukiisha.

Kwa hiyo ndugu zangu waliposema likizo yetu iwe ya kwenda Mautuma, nilitafuta upesi mahali pengine.

"Huko ndiko kuzuri," alisema msomi. "Mashamba mpaka macho yachoke. Na maziwa ya senje."

"Mumias," nikasema. "Kuna mto Nzoia. Kuna misikiti. Na vilima si vingi."

Sikuwaambia sababu yenyewe, kwamba Mautuma tungefika wanne tukarudi watatu.

Wakati ule kila mtu alikuwa bingwa wa uchaguzi, kwa hiyo tukaamua kupiga kura. Msomi alipanda juu ya kinu akahutubia, ufagio ukipepea mkononi.

"Ndugu wananchi! Mkinichagua mtakunywa maziwa mpaka mwote masharubu!"

"Hata wasichana?" akauliza kitindamimba.

"Hata wasichana!"

Mimi sikupanda juu ya kitu. Niliahidi mandazi ya Mumias, basi. Punje ya hindi ilikuwa kura ya Mautuma, haragwe kura ya Mumias, na kila mtu akatumbukiza yake katika sufuria iliyofunikwa kanga. Tulipofunua tulikuta punje mbili na maharagwe matatu. Wapiga kura wanne, kura tano.

"Wizi!" msomi akapiga kelele. "Wizi mchana kweupe!"

"Ni mimi," akasema kitindamimba. "Nilitia yangu, halafu nikamtilia mtoto wangu." Akamwinua mtoto wake, ambaye alikuwa gunzi la mahindi lililovalishwa kitambaa.

Nikiwa mwenyekiti, niliamua kwamba gunzi nalo ni mwananchi. Sijivunii uamuzi huo.

Tuliondoka asubuhi kwa baiskeli ya baba na nyingine niliyoazima kwa fundi mwenzangu. Mimi nilimpakia kitindamimba, msomi akampakia mdogo wake. Msomi ndiye aliyeweka sheria, kwa kufuata ule ukurasa: hakuna kubeba mzigo, hakuna kusimama nyumbani kwa mtu, na kila mmoja lazima atazame. Tulivaa nguo nzuri. Yangu nzuri ilikuwa moja tu, nyeusi, niliyoishona mama alipofariki.

Hatujafika mbali, bibi mmoja aliyekuwa akipalilia akatusalimu, "Mulembe!" Msomi akainua mkono akapita. Nami nikapita, ingawa shingo iliniwasha kwa aibu. Nilipogeuka nikamwona ametupa jembe, mikono kichwani. Nikadhani anashangaa kuona msichana juu ya baiskeli.

Mbele kidogo wanaume waliokuwa wakijenga ukuta wakavua kofia. Mama mmoja akavuta watoto wake kando, akakaa chini majanini.

"Mnaona?" msomi akasema. "Watu wanaheshimu likizo."

Tulipofika Shianda, muuza miwa alitukimbilia na miwa minne, akatusukumia mikononi, akakataa hata kusikia habari ya malipo. "Poleni, wanangu. Nendeni, nendeni, msicheleweshwe." Tuliitafuna tukiendesha, tukikubaliana kwamba watu wa Shianda ni wakarimu kupita kiasi.

Mumias tulifikia kwa rafiki wa zamani wa baba, mzee wa Kiislamu aliyekaa karibu na msikiti. Alitoka mlangoni, akatutazama, akatazama karia, akatazama gauni langu.

"Salaam alaikum. Ni nani amefariki?"

"Hakuna, baba. Tuko likizo."

"Mmesalimia watu njiani?"

"Hapana."

"Mmeingia kwa mtu yeyote?"

"Hapana."

Mzee akajishika mbavu, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, mmepeleka habari ya msiba kutoka Kakamega mpaka hapa!"

Nilitamani ardhi inimeze. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni, na sijui siku ile akili yangu ilikuwa wapi. Kwetu, aliyetumwa kupeleka habari ya kifo alipanda baiskeli bila mzigo, hakujibu salamu, wala hakuingia nyumba yoyote mpaka afike alikotumwa. Hata mtoto akimwona alijua. Na sisi tulikuwa wanne, mmoja wetu amevaa nyeusi.

Tulilala kwa mzee yule, na mto Nzoia tuliutazama kesho yake upesi sana, kama watu wanaohakikisha kwamba bado upo. Kisha tukarudi tukisimama kila boma kueleza kwamba hakuna aliyekufa. Watu hawakukubali kupewa habari njema hivihivi. Walitulisha. Tulikula viazi vitamu, tukala ndizi, tukala obusuma, ugali wa kwetu, na kuku mara mbili, na muuza miwa alitaka miwa yake irudi.

Saa kumi jioni tulipokaribia nyumbani, tulisikia kilio.

Uani palikuwa pamejaa. Habari kwamba nyumba yetu ya yatima ina msiba ilikuwa imepanda lori la mahindi mpaka Lugari, upande wa senje, na kwa kuwa hakuna aliyejua marehemu ni nani, kila mtu alikuwa amechagua wake. Ami yetu alikuwa anamlilia msomi, naye alikuwa amefikia mahali pa kusifu akili zake. Msomi alishuka kwenye baiskeli taratibu, akasimama nyuma yake kusikiliza.

"Endelea, ami," akasema.

Ami alipiga yowe nililolisikia mara moja tu maishani mwangu.

Senje alikuwa amekaa chini karibu na mlango, na gunia la mahindi na kuku wawili aliowaleta kwa ajili ya matanga. Aliinuka, akatugusa vichwa mmoja mmoja, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akanizaba kofi. Kisha akanikumbatia.

"Mjinga wewe! Unapita watu kama mzimu!"

Kilio kikageuka kicheko, ila ami hakucheka. Alisafisha koo. "Kwa kuwa wote tuko hapa, tuongee lile jambo la mtoto. Mwaka haujaisha, lakini mmeona wenyewe. Msichana anatembeza watoto barabarani bila sababu. Mlienda kufanya nini?"

"Kutazama," nikasema.

"Kutazama nini?"

"Mto."

"Na mto wetu Isiukhu umekosa nini?"

Kitindamimba alikuwa ameshika gauni langu, na nilihisi macho ya watu wote yakienda kwa senje, kwa sababu yeye ndiye mwenye maziwa. Nikaanza kuhesabu kichwani nguo za mtoto za kufungasha. Zilikuwa tatu.

"Juu ya lori," senje akasema, "sikujua ni yupi aliyekufa. Nikasema nimlilie kila mmoja kwa zamu, maana safari ilikuwa ndefu. Nikianza kumlilia mmoja, nawaona wale watatu wamemshikilia. Mpaka Kakamega sikufaulu kumlilia hata mmoja peke yake. Mwacheni mtoto hapa."

"Na ule mwaka?" ami akauliza.

"Umeisha leo. Wewe hukuja kula? Kaa ule."

Chakula cha matanga hakirudishwi, kwa hiyo walikaa siku mbili mpaka kikaisha. Asubuhi ya tatu tulimsindikiza senje barabarani. Alipanda lori peke yake, akakaa juu ya gunia tupu, akatupungia mpaka vumbi likamfunika.

"Dada," kitindamimba akasema, "unaniumiza mkono."

Nikaulegeza kidogo.