Tomoko la Kathiani kwa Mdomo wa Mwingine

Nilifunga safari kwa sababu moja tu: mama yangu alikuwa ametoka hospitalini na hataki kula. Uji aliusukuma, supu aliinusa tu. Muuguzi alituonya kwamba asipokula atarudishwa wodini; tumpe matunda laini, yana sukari ya kutia nguvu na vitamini. Mama akataja tomoko, tena la Kathiani. Basi limepatikana, nikamwambia. Mimi ni muuza leso mjini Machakos, na soko halijawahi kunishinda.

Asubuhi niliondoka mjini, swaumu yangu mdomoni, maana ilikuwa Ramadhani. Barabara ilipanda vilima, mahindi na maharagwe huku na huku. Nilishuka Kathiani sokoni, nikaelekezwa kwa Mama Mutua, mkulima mwenye miti ya matomoko nyuma ya nyumba.

"Onja kwanza," alisema, akipasua moja.

"Nimefunga, mama."

"Aiya! Sasa utajuaje ni tamu? Kwangu hakuna mtu ananunua bila kuonja."

"Basi nionjee wewe. Ni ya mgonjwa."

Akaketi, akala polepole akiwa amefumba macho. "Hii iko na maziwa ndani," akasema. "Halafu sukari inakuja nyuma, pole pole. Haiumi meno." Akatema mbegu nyeusi, akalamba kidole. Mate yalinijaa, nikatazama pembeni nikimwomba Mungu subira. Akanichagulia mawili yaliyoiva, na magumu kadhaa ya kuweka ndani ya unga wa mahindi hadi yalainike.

Alasiri nilikuwa nyumbani. Nilipasua moja mbele ya mama, nikamsimulia maneno ya Mama Mutua.

"Maziwa?" akanibishia. "Tomoko lina maziwa wapi? Lete hapa."

Akaonja ili anisute. Akaonja tena, kisha akaivuta sahani magotini. Nilitoka kwenda kupika futari ili asinione nikilia.

Magharibi ilipoadhiniwa nilirudi chumbani kuchukua la pili, nililojiwekea moyoni tangu Kathiani. Nilikuta maganda na mbegu.

"Ulikuwa unalitaka?" mama akauliza, akijifuta kidevu.

"Hapana, mama."

Nilifuturu kwa maji na tende. Hata yale magumu yalipolainika aliyamaliza mama; ladha ya tomoko la Kathiani mwaka ule niliijua kwa kusimuliwa tu, na sijawahi kushiba vile.